Muhogo uliopata nafuu ya batobato usiukatie mbegu

Kwenye shamba la mbegu ya muhogo, mmea mgonjwa hausumbui sana. Unajitangaza wenyewe, unang'olewa, basi. Unaosumbua ni ule ulioota na batobato, ugonjwa wa virusi unaotia majani madoa na kuyakunja, ukapata nafuu katikati ya msimu, na ikifika Oktoba umesimama na shina nene na majani mapana, kila apitaye anaomba akatiwe pingili. Mmea wa namna hiyo ndio uliotupa kazi upande wa Newala, na ndio utakaompa kazi yeyote anayeanzisha shamba la pingili Mtwara au Lindi, awe mtu binafsi au kikundi. Sababu ya nafuu hiyo iko ndani ya jani, kwenye namna muhogo unavyojikinga na virusi na namna virusi vinavyoivunja kinga hiyo. Asiyeielewa atachagua mbegu kwa macho, na macho yatamdanganya.

Magonjwa yenyewe ni mawili. Batobato ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Warburg mwaka 1894, kutoka Usambara. Michirizi kahawia ilielezwa na Storey mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, milima hiyohiyo. Batobato husababishwa na virusi vya jamii ya jemini vyenye jenomu ya DNA: vipande viwili vya duara, kila kimoja cha nyukleotidi, yaani herufi za jeni, zipatazo 2,700 hadi 2,800. Michirizi husababishwa na virusi viwili vinavyokaribiana, CBSV na UCBSV, ambavyo jenomu yao ni uzi mmoja wa RNA, molekuli ndugu ya DNA, wa nyukleotidi zipatazo 9,000. Vyote huenezwa na inzi weupe, na vyote husafiri ndani ya pingili.

Kwa mwenye shamba, tofauti ya maana iko kwenye muda. Inzi mweupe anahitaji kunyonya mmea mgonjwa kwa saa tatu au zaidi ndipo apate batobato, lakini akishaipata anakaa nayo siku kadhaa, hata tisa. Michirizi anaweza kuipata ndani ya dakika chache, ila humtoka baada ya siku moja au mbili. Maana yake ni kwamba inzi haipeleki michirizi mbali sana. Ukiikuta kijiji ambacho hakikuwa nayo, mtuhumiwa wa kwanza ni mzigo wa pingili uliofungwa nyuma ya bodaboda.

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na hapo ndipo panapoanza kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya. Pingili hutafutwa mvua ikikaribia, wakati huohuo ambapo nguvu kazi yote iko kwenye korosho. Watu wanaokota, wanaanika, wanasubiri mnada. Mbegu ya muhogo inakatwa jioni moja ya haraka, popote ilipopatikana. Sasa, dalili za michirizi hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa: umanjano unaofuata mishipa midogo, unaoonekana kama unyoya. Majani hayo hupukutika kiangazi. Ukienda kuchagua Oktoba unakuta shina lina kichwa cha majani machanga tu juu, na majani machanga hayaonyeshi michirizi. Umechagua shina baada ya ushahidi kudondoka.

Kwa hiyo uchaguzi wa mbegu ufanyike Mei hadi Julai, mashina yakiwa bado yamevaa majani ya chini. Pita mstari kwa mstari, jua likiwa nyuma yako, inua jani la chini ulitazame kwa mwanga unaopenya. Shina linalokuridhisha lifunge utepe wa nguo. Novemba kata zenye utepe tu. Kazi hii inakula siku nzima za watu wakati ambao hakuna anayefikiria kupanda, na ndiyo gharama inayorukwa kuliko zote. Ukiona michirizi ya rangi ya kahawia au zambarau kwenye sehemu ya kijani ya shina, au ncha inayokauka kuanzia juu, mmea huo hauna mjadala.

Hesabu za pingili zenyewe ni nyepesi. Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 inakupa mashimo kama 4,000 kwa ekari. Pingili iwe na sentimita 20 hadi 30 na macho matano hadi saba, kutoka sehemu ya kati ya shina lililokomaa. Ncha ya juu ni laini na hukauka kabla ya kuota. Mizigo isimamishwe kivulini, wima, isilazwe juani.

Sasa twende kwenye jani. Mmea hauna damu wala chembe za kuizungukia. Unachofanya muhogo ni kuikagua RNA. Virusi vikizaliana ndani ya seli hutokea RNA ya nyuzi mbili zilizolaliana kwa urefu ambao RNA ya kawaida ya mmea haiwi nao. Vimeng'enya vya jamii ya Daisa huikatakata iwe vipande vifupi vya nyukleotidi 21, 22 au 24. Kipande hupakiwa kwenye protini iitwayo Agonoti. Uzi mmoja hutupwa, na uliobaki huiongoza Agonoti kwenye RNA yoyote inayolingana nao. Ikikutwa, inakatwa. Vimeng'enya vingine, RDR, huchukua mabaki na kutengeneza nyuzi mbili upya, nazo zinakatwa tena, hivyo kinga inajizidisha. Vipande hivyo pia hutangulia kwenye majani ya juu ambayo virusi havijafika. Wataalamu huita kazi hii yote unyamazishaji wa RNA.

Batobato haikwepi kwa kuwa ni ya DNA. DNA yake lazima itoe RNA ndipo protini zake zitengenezwe, na RNA hiyo inakamatwa. Zaidi ya hapo, vipande vya nyukleotidi 24 huielekeza seli iibandike DNA ya virusi methili, alama ya kemikali inayoizima.

Kundi la David Baulcombe kule Uingereza lilionyesha mwaka 1997 kwamba mmea hutumia njia hii dhidi ya virusi, na mwaka 1999 likavionyesha vipande vifupi vyenyewe. Upande wa wanyama, Fire na Mello walionyesha mwaka 1998, kwa minyoo, kwamba RNA ya nyuzi mbili ndiyo inayowasha mtambo, wakapata Nobel 2006. Mimea ilikuwa imewaonyesha watu dalili zake tangu 1990, kwa maua ya petunia yaliyopoteza rangi baada ya kuongezewa jeni ya rangi. Mimi huwa naona mimea ilidhulumiwa kidogo kwenye zawadi ile, lakini tuyaache.

Kama kinga ingekuwa hiyo tu, tusingekuwa na batobato. Karibu kila kirusi cha mmea kilichofaulu kina angalau protini moja ya kuikandamiza. Nitaziita vikandamizi. Haviji kwa njia moja, na hapa ndipo panaponoga.

Kikandamizi kinachoeleweka kuliko vyote ni p19, cha virusi vya jamii ya vile vya kudumaza nyanya. Protini mbili za p19 hushikana na kukikumbatia kipande cha RNA chenye nyuzi mbili kabla hakijapakiwa kwenye Agonoti. Haisomi herufi zake, inapima urefu, kama futi ya fundi cherehani: ikikuta nyukleotidi 21 inashika, ikikuta kirefu zaidi inashika kwa shida. Kwa kuwa haijali herufi, mmea hauwezi kuikwepa kwa kubadili herufi. Umbo hilo lilichorwa mwaka 2003. Kirusi cha mosaiki ya tango kina 2b, ambayo hushika vipande vifupi na pia huisumbua Agonoti yenyewe. Virusi vya jamii ya polero vina P0, inayoibandika Agonoti alama ya taka ili seli yenyewe iibomoe. Kirusi cha viazi vitamu cha kudumaza, SPCSV, kina kimeng'enya cha RNezi 3 kinachovikatakata vipande vifupi hadi visifae tena.

Batobato inatumia protini za AC2 na AC4. AC4 ya ACMV, kimojawapo cha virusi vya batobato, hushika vipande vifupi vilivyokwisha kuwa uzi mmoja, yaani inaingilia hatua ya baadaye kuliko p19. Inashika pia RNA fupi ambazo mmea unazitumia kuongoza ukuaji wake wa kawaida. Ndiyo maana jani la batobato halibadiliki rangi tu, linajikunja na kupinda upande. Kirusi hakikukusudia kulipinda jani. Kilikuwa kinavunja kinga, na mtambo wa kinga na wa ukuaji vinatumia vipuri vinavyofanana.

Turudi shambani. Pingili zikiota, wiki ya tatu hadi ya sita ndiyo dirisha zuri kuliko yote ya msimu. Mmea uliozaliwa na batobato kutoka kwenye pingili huionyesha kuanzia majani ya kwanza kabisa. Mmea ulioambukizwa na inzi una majani ya chini safi, na madoa yanaanzia juu. Tofauti hiyo inakuambia wa kumlaumu. Majani ya chini yakiwa na madoa, chanzo cha mbegu ni kibovu, na mwakani usirudi kwa huyo aliyekupa. Yakiwa safi na ya juu machafu, shida ni jirani au kichaka. Kagua kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, ng'oa na mzizi wake, toa nje ya shamba siku hiyohiyo. Ukiuacha mmea hadi kesho, inzi waliokuwa juu yake wanahamia wa jirani.

Moyo utauma. Ukikuta mmoja kati ya watano ni mgonjwa, ekari moja inabaki na mapengo 800, na wanachama wa kikundi wataanza kukutazama vibaya. Watu huanza kubembeleza: huu dalili zake ni ndogo, tuuache tuone. Ukiuacha hadi kiangazi, mama mmoja mwenye shamba atakuja akuonyeshe kwa furaha: "Mwanangu, si uliniambia niung'oe huu? Tazama, umepona."

Na kweli umepata nafuu. Kinga ya RNA ilishinda kwenye majani mapya. Hii ilifuatiliwa kwa makini kwenye muhogo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005: joto lilipopandishwa kutoka nyuzi 25 hadi 30, mimea yenye virusi vya jemini ilitengeneza vipande vifupi vingi zaidi, virusi vikapungua, na majani mapya yakatoka safi. Nafuu huonekana zaidi kwa virusi kama ACMV kuliko kwa vile vya kundi la Afrika Mashariki, EACMV, ambavyo ndivyo vilivyozoeleka ukanda wetu wa pwani. Kwa hiyo Februari ya Masasi, jua kali na unyevu, jani safi la juu halithibitishi kwamba mmea hauna kitu. Linathibitisha kwamba siku hiyo, kwenye jani hilo, mmea ulikuwa unaongoza. Virusi vinaweza kuwa vimebaki kidogo chini ya shina, kwenye jicho ambalo wewe utalikata liwe pingili. Pingili mpya inapoanza kuota haina majani wala akiba ya vipande vifupi vya kutosha, na mbio zinaanza upya.

Kuna pingili zinazokatwa kwenye mmea mgonjwa zikaota bila kirusi kabisa, hasa kwa aina zenye ukinzani, kwa sababu virusi havikuenea sawasawa shina zima. Kwa mkulima anayepanda chakula chake hiyo ni bahati njema. Kwa shamba la mbegu ni kamari, maana kwa macho huwezi kuitofautisha pingili iliyosalimika na ile ya jirani yake, na wewe unauza zote mbili kwa jina moja.

Kinachovuruga zaidi ni virusi viwili kukutana kwenye mmea mmoja. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba AC4 ya kirusi kimoja cha batobato na AC2 ya kingine huvunja kinga kwa nguvu zikiwa pamoja kuliko kila moja peke yake, kwa kuwa zinaziba hatua tofauti. Mmea ambao ungepata nafuu haupati. Kwenye viazi vitamu jambo hili ni bayana zaidi. Kirusi cha madoa ya unyoya, SPFMV, kikiwa peke yake karibu hakionekani. SPCSV ikiingia na RNezi 3 yake, wingi wa SPFMV hupanda mamia ya mara na mmea unadumaa kabisa. Anayezalisha marando ya viazi vitamu kwenye bustani hiyohiyo ya mbegu za muhogo alijue hilo. Virusi vya viazi haviambukizi muhogo, lakini SPCSV nayo huenezwa na inzi weupe, na kazi ya kuwadhibiti ni hiyohiyo.

Kuhusu dawa niseme kwa ufupi. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayotoa virusi ndani ya mmea. Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho inazuia ubwiriunga. Haiponyi batobato hata ikipeperuka ikatua kwenye muhogo uliopandwa katikati ya mikorosho. Nafuu inayoonekana baada ya kupuliza kitu fulani mara nyingi ni ile ya joto niliyoieleza.

Michirizi nayo ina mambo yake. Ndugu zake wengi wa familia ya poti huvunja kinga kwa protini iitwayo HC-Pro. CBSV na UCBSV hazina HC-Pro kabisa. Mwaka 2009 ilionekana kwamba kazi hiyo inafanywa na P1, protini ya kwanza kabisa kwenye jenomu yao. Kinachonifurahisha ni kwamba hata ndani ya jenasi hiyohiyo ndogo ya ipomo, P1 hazifanani kazi: ya kirusi cha kumanjanisha mishipa ya tango hushika vipande vifupi, ya kirusi cha viazi vitamu cha SPMMV huing'ang'ania Agonoti. Anayetafuta njia moja ya kuziba vikandamizi vyote atatafuta sana.

Kipimo kilichotumika kuijua P1 kinafaa kuelezwa, kwa sababu vijana wengi wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na vyuo vingine hukutana nacho kwa mara ya kwanza kwenye mradi wa mwisho na kukiharibu kwa mambo madogo. Mmea ni Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku, wa ukoo wa 16c uliowekewa jeni ya GFP, yaani unang'aa kijani ukiumulika kwa taa ya urujuanimno. Bakteria wa Agrobacterium waliobeba GFP ya ziada huchanganywa na waliobeba jeni unayoishuku. Hukuzwa usiku mmoja, hukusanywa kwa sentrifuji, huyeyushwa kwenye maji yenye kloridi ya magnesi milimola 10, MES milimola 10 na asetosiringoni mikromola 150, kila mmoja afike wingi wa takriban 0.5 kwa kipimo cha mwanga wa nanometa 600. Waache saa mbili hadi tatu kwenye joto la chumba. Chukua bomba la sindano la mililita 1, toa sindano yenyewe, bana mdomo wake chini ya jani, kidole kimoja upande wa pili, sukuma polepole. Utaliona doa la maji likitanuka ndani ya jani hadi liguse mshipa.

Siku ya tatu madoa yote yanang'aa kijani, na asiyejua hushangilia. Subiri. Siku ya tano, doa lisilo na kikandamizi limefifia na kuonyesha wekundu wa klorofili chini ya taa ya nanometa 365, kwa kuwa GFP imenyamazishwa. Doa lenye kikandamizi linabaki kijani. Jani moja liwe na p19 kama shahidi wa kuwepo na kibebeo kitupu, kisicho na jeni ya kikandamizi, kama shahidi wa kutokuwepo. Bila mashahidi hao wawili kwenye jani lilelile, picha yako haina thamani.

Kinachoharibu ni joto. Chumba kikipita nyuzi 28 Agrobacterium huingiza jeni kwa shida, na kinga ya mmea inakwenda kasi, hivyo GFP hufifia mapema. Kwa hali ya hewa yetu, chumba kisicho na kiyoyozi hakifai. Lenga nyuzi 22 hadi 25. Jani zee nalo hudanganya. Tumia mimea ya wiki nne hivi, kabla haijatoa maua. Na usilichukue jibu la mmea huu kuwa la muhogo. N. benthamiana ilizaliwa na RDR1 iliyoharibika, sababu mojawapo inayoifanya ipokee virusi vingi. Inakuambia protini fulani inaweza kukandamiza, haikuambii inakandamiza kiasi gani ndani ya muhogo.

Mwenye shamba hahitaji kipimo hicho. Anahitaji kujua kama mmea una kirusi au hauna, na hapo ni PCR, kipimo cha maabara kinachozidisha DNA ya kirusi hadi ionekane, kwa michirizi ikitanguliwa na kugeuza RNA kuwa DNA. Jibu bovu huanzia kwenye jani ulilochuma. Kwa batobato chuma majani machanga ya juu. Kwa michirizi chuma yaliyokomaa ya chini au ya kati, na kwa mmea unaoutilia shaka chuma zaidi ya moja, kutoka matawi tofauti, maana virusi havijasambaa sawa. Sampuli moja iliyorudi bila kirusi kutoka kwenye mmea uliopata nafuu haitoshi kuusafisha.

RNA huharibika upesi. Jani bichi kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya Coaster kutoka Newala hadi Dar es Salaam, hufika limeiva. Njia iliyotufaa ni ya kukausha: panga majani kati ya kurasa za gazeti, weka uzito juu, badilisha gazeti kila siku kwa siku za mwanzo. Unyevu wa Mtwara mjini ni mkali, ukipitisha siku mbili bila kubadilisha unakuta ukungu. Andika kwa penseli jina la aina, mstari na namba ya mmea kwenye kipande cha karatasi kilicholala na jani, wino huchuja. Majani yaliyokauka vizuri namna hiyo bado hutoa RNA ya kutosha kwa kipimo. Mnaotoa RNA maabara kwa kemikali ya CTAB, muhogo una utomvu na sukari nyingi, ongezeni PVP asilimia 2 na msisahau mekaptoethanoli, la sivyo mtapata uji wa kahawia usiopima kitu.

Kuhusu aina za mihogo, watu huuliza ipi haipati michirizi, na swali zuri ni ipi inaificha. Kiroba na Nachinyaya huvumilia: majani yanaweza kuonyesha dalili na mizizi ikabaki mizuri. Kwa mlaji ni neema, na ndiyo maana Nachinyaya ilisambaa kusini kwa mikono ya wakulima wenyewe. Kwa shamba la mbegu, ukiipanda jirani na aina inayoathirika kama Albert, umeweka hifadhi ya virusi mlangoni. Namikonga, inayoitwa Kaleso Kenya, ni ya daraja jingine. Inatokana na kazi ya Amani ya kuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini, Manihot glaziovii, ule mti unaotoa utomvu wa mpira. Ndani yake virusi hushindwa kuzaliana sana, na vipande vifupi vya virusi navyo vinakuwa vichache. Wengi hutegemea kinyume, kwamba mmea mkinzani ndio ungekuwa na vipande vingi. Lakini vipande vinatokana na virusi vyenyewe. Kwenye mmea unaoathirika unakuta vingi kwa sababu malighafi ni nyingi, na P1 inavizuia visifanye kazi. Wingi wa kinga usiupime kwa wingi wa risasi zilizookotwa.

Huo mti wa mpira nao hubeba michirizi. Ukiwa mpakani mwa shamba lako la mbegu, ukate.

Kenya iliruhusu mwaka 2021 muhogo wa 4046, uliowekewa kipande cha jeni ya koti (ganda la protini) la CBSV na UCBSV kinachojikunja kuwa nyuzi mbili. Mmea unakuwa na vipande vifupi vilivyokwisha kupakiwa kabla kirusi hakijaingia, hivyo P1 haipati muda wa kutengenezwa kwa wingi. Ni wazo lilelile la kinga, limetangulizwa tu. Huku kwetu tunabaki na mbegu safi, aina zinazohimili, na panga.

Mavuno ni kipimo cha mwisho na watu wengi hukiruka, kwa kuwa pingili zimeshauzwa. Chimba mimea kadhaa kila mstari, miezi 12, ukate kila mzizi vipande kama vya kupika, siyo mzizi mmoja wa mfano. Mizizi minne inaweza kuwa myeupe na wa tano ukawa na kovu kavu la kahawia kama kizibo, na makopa yake hayauziki. Kukata mzizi kichwani na mkiani tu hakutoshi, kovu hupenda kukaa katikati. Ukikuta hata mmea mmoja hivyo kwenye mstari, mtafute aliyenunua pingili za mstari huo umwambie. Ni aibu, lakini hadi Mei akiwa bado hajui, mihogo yake itakuwa imeshawapa inzi wa majirani zake.

Baada ya hapo pita tena shambani na jembe. Vipande vya shina na vichwa vya mizizi vilivyobaki ardhini huota mvua ya kwanza, mapema kuliko pingili mpya, na inzi huvifikia kabla hujapanda. Vikusanye vikauke juani kabla ya kuvichoma. Vikitupwa vibichi kwenye kichuguu au kando ya njia, Desemba vitakuwa na majani.